Yubile ya Ndoa: Fundisho la Bustani ya Forodhani

Siku hizi desturi ya kukumbuka miaka ya ndoa imeenea sana katika sharika. Mume na mke waliokaa pamoja miaka 25 hufanyiwa yubile ya fedha, na waliotimiza miaka 50 hufanyiwa yubile ya dhahabu. Huja mbele ya ndugu zao, huombewa, na baadaye watu hula na kunywa na kushangilia. Desturi hii ni njema, wala hatuna neno la kuipinga. Lakini liko jambo moja ambalo yatupasa kulisema wazi. Mara nyingi sherehe huwa kubwa na wenye sherehe huwa wadogo. Hao wawili huketishwa mbele mchana kutwa, wamepambwa. Hupigwa picha, hupokea zawadi, na usiku hurudi nyumbani wamechoka, pasipo kusemezana neno moja la maana. Tena wako wanaorudi na deni la turubai, na la sare, na la chakula, na deni hilo likawagombanisha mwaka mzima. Hivyo siku iliyowekwa ili kuwaunganisha yawa mwanzo wa manung'uniko.

Kwa hiyo katika fundisho hili twataka kuitazama njia nyingine. Njia hiyo ni kwamba mume na mke waondoke nyumbani, wao wawili tu, waende mahali pengine siku tatu au nne, wakaikumbuke miaka yao. Na mahali tulipopachagua pawe mfano wetu ni kisiwa cha Unguja, katika Mji Mkongwe, hasa pale pwani ya Forodhani. Wengi waujua mji huu kwa habari ya bahari yake nzuri na karafuu zake. Sisi twautaja kwa sababu nyingine: mawe yake na habari zake zawafundisha watu wa ndoa mambo ambayo ni vigumu kujifunza wakiwa nyumbani. Na tuyatazame moja moja.

1. Maana ya yubile

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliagizwa kuhesabu miaka saba mara saba, kisha mwaka wa 50 wautakase. Jina la yubile lilitokana na pembe ya kondoo dume, maana pembe ilipigwa katika nchi yote ili watu wajue kwamba mwaka umefika. Mwaka huo ulikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza ni kurudi: kila mtu alirudi katika shamba la baba zake, hata kama alikuwa ameliuza kwa shida. La pili ni kufunguliwa: aliyejiuza kwa ajili ya umaskini aliachwa huru, akaenda kwa jamaa yake.

Basi hatusomi kwamba yubile ilipimwa kwa wingi wa nyama au kwa uzuri wa mavazi. Ilipimwa kwa kurudi na kwa kufunguliwa. Watu wa ndoa wakitaka kufanya yubile yenye maana, wajiulize maneno mawili: Ni wapi tulipopaacha, nasi yatupasa kurudi? Na ni kifungo gani tulichofungana, nasi yatupasa kufunguana? Tuyashike maneno hayo mawili, maana tutayahitaji kila mahali mjini.

2. Bustani ya miaka 25

Mtu avukaye kutoka Dar es Salaam kwa meli ya mwendo wa kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Akishuka bandarini na kuifuata njia ya pwani kuelekea kusini, ataona majumba ya wafalme upande wake wa kushoto, na bahari upande wa kuume, kisha atafika kwenye bustani. Hapo ndipo Forodhani. Jina lake latokana na forodha, maana hapo zamani bidhaa zilipita na ushuru ulitozwa.

Lakini bustani hii ilipataje kuwapo? Mwaka 1911 Sayyid Khalifa bin Harub alikalia kiti cha usultani. Mwaka 1936 ikasherehekewa miaka 25 ya utawala wake, na pwani hii ikafanywa bustani, ikaitwa Bustani ya Yubile. Twaona basi kwamba mume na mke wa yubile ya fedha wakiketi Forodhani, wameketi katika bustani iliyotengenezwa kwa ajili ya miaka 25. Tena waangalie neno la pili. Bustani hiyo, ingawa ilianza kwa shangwe, haikudumu katika uzuri wake kwa sababu ya shangwe ile. Miaka ilipita, ikachakaa. Ndipo shirika la Aga Khan lilipoitengeneza upya: njia, taa, miti na ukuta wa bahari, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Hata ukumbusho wa yubile wahitaji kutengenezwa! Sembuse ndoa yenyewe?

Jioni mahali hapa huchangamka. Jua linapozama, wapishi huwasha taa na makaa, hupanga mishikaki, pweza, samaki na mihogo. Wengine hukamua miwa pamoja na ndimu na tangawizi. Vijana hupiga mbio na kujirusha baharini kutoka ukutani, na watu hucheka. Wazee huketi na kupunga upepo. Mtu hahitaji fedha nyingi ili aketi hapo; ukuta wa bahari hauna kiingilio.

Na tuwawazie mume na mke kutoka bara, wakulima wa kahawa, waliofika jioni ya kwanza. Wanakula kwa sahani moja. Kwa muda wa saa nzima wanazungumza habari za ng'ombe waliowaacha kwa jirani, na karo ya mtoto wa mwisho, na bati la jikoni. Kisha maneno yanakwisha. Wanatazama bahari. Mwisho mke anasema, “Baba watoto, umeona? Tukiwaondoa ng'ombe na karo, hatuna neno.”

Mume anajibu, “Ni kweli, Mama. Nami sijui tuanzie wapi.”

Mke anasema, “Niulize kama bado nafurahi kukaa nawe. Tangu siku ya arusi hujaniuliza.”

Mume ananyamaza kitambo, maana anaogopa jibu. Kisha anauliza.

Hatutasema mke alijibu nini, kwa sababu kila nyumba ina jibu lake. Lakini twasema hivi: swali kama hilo haliulizwi siku ya sherehe, mbele ya watu mia tatu. Wala haliulizwi jikoni, mtoto akilia na maziwa yakichemka. Lahitaji mahali pa utulivu, palipo mbali na kazi. Na wale watakaoona kwamba hawana la kusema jioni ya kwanza wasishtuke, wala wasidhani safari imeharibika. Kimya hicho hakikuanza Forodhani. Kilikuwako nyumbani, ila makelele ya kazi yalikifunika. Kukitambua ndio mwanzo wa kurudi.

3. Nyumba ya mawe huangukaje?

Sasa tuwapeleke katika vichochoro vya mji. Mji Mkongwe uliandikwa na shirika la UNESCO mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, kisha kuyazimua kwa maji. Dari zilishikwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa mti wa mkoko hauwi mrefu sana, vyumba vilikuwa vyembamba: urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Mwenye nyumba hakusema, “Nataka chumba kipana kama cha fulani,” kisha akaweka boriti isiyofika. Alijenga kwa kadiri ya boriti zake. Laiti na sisi tungepima sherehe zetu kwa boriti tulizo nazo!

Tutazame na milango. Mingi ina nakshi katika miimo na juu: minyororo, samaki, maua. Wengine husimulia kwamba mnyororo ni alama ya ulinzi na samaki ni alama ya uzazi. Mlango wenyewe una mbao mbili, na katikati hushikwa na mti uitwao mfaa. Ubao mmoja peke yake haufungi nyumba. Na mbao zote mbili pasipo mfaa huacha ufa, mwivi akapenyeza mkono. Mume na mke wanaotembea vichochoroni wasimame mbele ya mlango mmoja, waulizane, “Sisi mfaa wetu ni nini? Ni kitu gani kinachotushika katikati?” Wengine watajibu kwamba ni watoto, lakini watoto huondoka. Wengine watasema ni shamba. Lakini shamba laweza kugawanywa. Afadhali waulizane mapema, kabla ya kuuona ufa.

Basi nyumba ya namna hii huangukaje? Mawe hayaibiwi, wala upepo hauivunji. Adui yake ni maji. Chokaa ya juu ikipasuka, mvua ya masika huingia kidogo kidogo, hufika kwenye kichwa cha boriti pale ilipoingia ukutani, na boriti huoza mahali pasipoonekana. Chini chumbani dari bado yaonekana nzima. Mwenye nyumba mwenye busara hupanda juu kila mwaka kabla ya masika, akaziba nyufa kwa chokaa. Mwenye nyumba mvivu hungoja tone la kwanza kitandani, na siku hiyo boriti imekwisha kuoza.

Tena kuna kosa la pili, nalo ni la watu wenye bidii pasipo maarifa. Hao huona chokaa ni dhaifu, basi hupiga saruji juu ya ukuta wa zamani. Kwa macho ukuta waonekana imara na safi. Lakini saruji haiachi ukuta upumue. Unyevu hubaki ndani, na chokaa iliyoshika mawe hulegea na kumong'onyoka nyuma ya saruji. Wajenzi wanaotunza mji huu hufundisha kwamba nyumba ya chokaa sharti itengenezwe kwa chokaa. Ndivyo ilivyo sherehe kubwa iliyopakwa juu ya ugomvi wa siku nyingi. Yang'aa kwa nje, na ndani yazuia unyevu usitoke. Neno dogo la kuombana radhi, lisemwalo kila mara, ndilo chokaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote umesimama hapo hapo mbele ya bustani. Mwaka 1883 Sayyid Barghash alijenga jumba kubwa liitwalo Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, lenye nguzo ndefu na veranda pande zote. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga majumba ya mfalme kwa mizinga, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti pasipo ridhaa yao. Vita hivyo havikufika saa moja. Jumba la jirani liliharibiwa kabisa, lakini Nyumba ya Maajabu ilisimama. Watu wakasema, jumba hili ni imara mno.

Miaka ikapita. Mwaka 2012 sehemu ya veranda ilianguka. Hata tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, upande mkubwa wa jumba uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Mizinga haikuliangusha, uchakavu wa miaka mingi ndio ulioliangusha. Na matengenezo yalikuja, lakini kwa upande ule yalichelewa.

Ndugu wasomaji, twajua ndoa nyingi za namna hiyo. Zilistahimili njaa, na msiba wa mtoto, na kupotewa na kazi. Mume na mke walishikana, mizinga ikapita. Kisha katika miaka ya amani, nyumba ikiwa imejaa na watoto wamesoma, zikaanguka, watu wakastaajabu na kuuliza, “Kumetokea nini?” Hakukutokea kitu siku hiyo. Kilitokea miaka kumi nyuma, pale ufa wa kwanza ulipoonekana na kila mmoja akangoja mwenzake aupande.

4. Mkunazini: wale waliotenganishwa kwa nguvu

Siku ya pili wawili hao waende Mkunazini, mwendo wa dakika chache kutoka pwani. Waende asubuhi, na waende kwa moyo wa heshima, maana ni mahali pa machozi. Hapo palikuwa soko la watumwa. Watu walioletwa kutoka bara, kutoka nchi za ziwa Nyasa na kwingineko, waliuzwa hapo kama mbuzi. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, masoko ya watumwa yakafungwa. Mwaka huo huo kazi ya kujenga kanisa la Waanglikana ilianzishwa mahali pa soko. Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, ndiye aliyeiongoza kazi hiyo. Tena ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuandika na kutafsiri katika lugha hii yetu ya Kiswahili. Alikufa mwaka 1882, akazikwa katika kanisa hilo. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watumwa watano, shingoni wana mnyororo. Sanamu hizo zilichongwa na Clara Sörnäs, mwanamke wa Sweden, zikawekwa mwaka 1998.

Msomaji atauliza, “Mahali kama hapa pana nini na furaha ya ndoa?” Twajibu: pana neno kubwa. Sokoni mume aliuzwa kwa mtu mmoja na mke kwa mwingine. Hakuna aliyewauliza wamekaa pamoja miaka mingapi. Mmoja alipelekwa shambani Unguja au Pemba kwenye mikarafuu, mwingine alipakiwa katika jahazi kwenda Arabuni, wala hawakuonana tena. Hao hawakuachana; walitenganishwa. Hata sheria zilipoanza kubadilika, uhuru ulikuja polepole. Sheria ya mwaka 1897 iliondoa utumwa Unguja na Pemba, lakini masuria hawakuguswa. Wao walipata haki hiyo mwaka 1909. Kwa muda huo wote mwanamke aliye suria hakuwa na uwezo wa kusema, “Huyu nampenda, na huyu simpendi.”

Basi mume na mke wasimame kando ya shimo lile, wafikiri. Wale waliotaka kukaa pamoja walikatazwa kwa mnyororo. Sisi hatukatazwi na mtu. Hakuna dalali anayetushika mkono na kututenga. Hata hivyo wako wanaolala katika nyumba moja, na kati yao pana bahari pana kuliko ile ya Arabuni. Tena wako waume wanaowatawala wake zao kama bwana na mtumwa: mke hana ruhusa ya kushika fedha ya jasho lake, wala ya kwenda kumwona mamaye, wala ya kusema neno wageni wakiwapo. Na wako wake wanaomfunga mume kwa kosa moja la miaka 20 iliyopita, wakilitaja kila akikosea, asipate kamwe kuwa mtu huru nyumbani mwake. Pale Mkunazini ndipo linapofaa lile neno la pili la yubile, yaani kufunguana. Kila mmoja aseme kimoyomoyo, “Ni mnyororo gani nimemvika mwenzangu?” Kisha jioni, wakiwa peke yao, aseme kwa sauti, “Nakufungulia.” Hilo ni zawadi kuliko kitenge na sufuria.

5. Wale ambao hawakufikisha yubile

Tuongeze habari mbili za watu wa ndoa waliopita katika mji huu, ili tujue kwamba miaka 25 si haki ya mtu, bali ni kipawa.

Mwezi wa Januari mwaka 1844 walifika Unguja Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg katika Ujerumani, na mkewe Rosine. Walipokewa vema na Sayyid Said, naye akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Wakaenda kukaa Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, naye akafa kwa homa, na mtoto akafa siku chache baadaye. Ndoa yao haikuwa imetimiza miaka miwili. Kaburi lipo bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Mwaka huo huo wa 1844, katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, alizaliwa binti wa Sayyid Said, jina lake Salme. Alipokuwa mtu mzima alikaa mjini, akajuana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Wakapendana. Mwaka 1866 Salme alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo wakaoana. Wakaenda kukaa Hamburg, wakapata watoto. Mwezi wa Agosti mwaka 1870 Heinrich aligongwa na gari la reli la kukokotwa na farasi, akafa. Miaka mitatu tu ya ndoa! Salme hakuolewa tena. Aliwalea watoto wake katika nchi ya baridi, akaandika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1886, akafa mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulionekana mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukawekwa kaburini mwake.

Aliacha jamaa na nchi na cheo kwa ajili ya mtu mmoja, akakaa naye miaka mitatu, akamkumbuka zaidi ya miaka 50. Hatuwaambii vijana watoroke kwao. Shida aliyoipata Salme haikuwa ndogo. Lakini twawaambia wale waliojaliwa miaka 25, tena 30, tena 40: mnayo karama ambayo wengine waliilipa kwa machozi wasiipate. Je, mtaipitisha kwa kusinzia?

6. Jinsi ya kuifanya safari

Sasa tuseme maneno machache ya kazi, ili fundisho lisibaki hewani.

Kwanza, wapime boriti zao. Fedha ya safari iwekwe kidogo kidogo kabla, mwaka mmoja au miwili, na wote wawili wajue ni kiasi gani. Safari ya kukopa ina ubaya ule ule wa sherehe ya kukopa. Asiyeweza kuvuka bahari asihuzunike. Mtu wa Iringa aweza kwenda Kalenga kuona habari za Mkwawa; mtu wa Tanga au wa Lushoto aweza kushuka Pangani; mtu wa Dar es Salaam aweza kwenda Bagamoyo na kurudi siku ile ile. Neno ni kuondoka wawili na kusemezana.

Pili, waepuke miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, maana mvua ni nyingi kisiwani na bahari yaweza kuchafuka.

Tatu, wawaheshimu wenyeji. Walio wengi mjini ni Waislamu, watu wapole na wakarimu. Mgeni avae mavazi ya staha, aamkie kabla ya kuuliza njia, asiwapige watu picha pasipo ruhusa, na katika mwezi wa Ramadhani asile wala asinywe barabarani mchana.

Nne, simu zifungwe jioni. Watoto waambiwe kwamba wazazi hawatafutwi ila kwa jambo la hatari.

Tano, wasijaze siku kwa kukimbia huku na huku ili waone kila kitu. Mahali pawili kwa siku papatosha. Aliyeona mji mzima na hakumwona mwenziwe, hakufanya yubile.

Sita, warudipo wasiyaache yale waliyosemezana yaishie baharini. Waweke jioni moja kila mwezi, hata kama ni barazani kwao kwa kikombe cha chai, wapande juu ya dari, kwa mfano, waangalie nyufa.

Walimu na wainjilisti waweza kulitumia fundisho hili katika kikundi cha watu wa ndoa. Kila maswali mawili yatosha kwa mkutano mmoja. Wengine wajibu mbele ya watu, wengine waende wakajibu nyumbani.

Maswali

1. Yubile ya Waisraeli ilikuwa na mambo mawili makubwa. Ni yapi, nayo yahusuje ndoa?

2. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa kwa ukumbusho gani? Kwa nini ilihitaji kutengenezwa tena?

3. Nyumba ya Maajabu ilistahimili mizinga mwaka 1896, ikaporomoka mwaka 2020. Ni “maji” gani yanayoingia katika nyumba zetu wakati wa amani?

4. Eleza tofauti ya chokaa na saruji juu ya ukuta wa zamani. Toa mfano mmoja wa saruji katika ndoa, na mmoja wa chokaa.

5. Mume ajiulize, na mke ajiulize: Ni mnyororo gani nimemvika mwenzangu, nami naweza kuufungua juma hili?

6. Swali hili lijibiwe na wawili peke yao: Ni mara ya mwisho lini uliponiuliza kama nafurahi kukaa nawe?

Msomaji asiyeweza kwenda Unguja mwaka huu aanze na swali la sita usiku wa leo. Halina nauli.